Usingizi Chini ya Mretemu

Somo: 1 Wafalme 19:1-8



Jumapili iliyopita dada mmoja alisinzia wakati wa mahubiri. Baadhi yetu tuligeuka kumtazama. Hatukujua kwamba ametoka zamu ya usiku ya masaa 12, wauguzi wachache, na mgonjwa mmoja amefia mikononi mwake. Alipanda basi akaja moja kwa moja ibadani.

Nabii Elia naye alichoka. Ushindi wa Karmeli ulikuwa bado mbichi, lakini alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Angalieni Mungu alivyomjibu. Hakumkemea. Hakumwagiza afunge na kukesha. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akalishwa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule Horebu.

Hapa Uingereza wauguzi wetu na wahudumu wa nyumba za wazee wanabeba mengi. Aliyekuja kwa viza inayomtegemea mwajiri anaogopa kulalamika, asije akapoteza kazi na kibali pamoja. Nyumbani nako simu hazikomi: ada, matibabu, msiba. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuchoka kwa namna hii hutokana na msongo wa muda mrefu kazini usiotafutiwa ufumbuzi. Si uvivu, wala si upungufu wa imani.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia muuguzi aliyelia mbele yangu, "Dada, ongeza maombi." Najuta. Maombi alikuwa nayo. Alikosa usingizi na mtu wa kumsikiliza.

Basi wiki hii, ukimjua anayefanya zamu za usiku, mpelekee chakula. Wachukue watoto wake hadi jioni ili alale. Usimpigie simu asubuhi.

Nawe muuguzi, usiwaache wenzako Beer-sheba ukaenda jangwani peke yako. Zungumza na mmoja wetu, na daktari wako pia. Ukifikia kutamani kufa kama Elia, piga 111, uchague namba 2, usiku au mchana. Kuomba msaada si aibu.

Na dada yetu akisinzia tena leo, mwacheni apumzike. Bwana anajua safari iliyo mbele yake.

Amina.