Ukuta ni wa Nani?

Picha ya sebuleni ukiichoka unaishusha. Ya ukuta wa soko huna la kuifanya. Utaipita kila asubuhi, upende usipende. Ndiyo maana wanafunzi wanaopewa ukuta mjini Tunduma wachore pamoja hawawezi kusema tu, "Tumekubaliana." Wamekubaliana wao. Dereva wa lori anayesubiri kuvuka kwenda Nakonde, mama anayeuza mahindi ya kuchoma, nani aliwauliza?

Lakini ukimwuliza kila mtu, utaishia kuchora njiwa na mikono iliyoshikana: picha isiyomuudhi yeyote kwa sababu haisemi lolote. Mpakani, penye foleni, magendo na Wanyamwanga waliogawanywa nchi mbili, kunyamaza hivyo ni aina ya uongo.

Kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna picha zilizochorwa juu ya picha. Waliokuja baadaye waliongeza yao. Nadhani haki ya ukuta wa jamii iko hapo: chora unaloliamini, kisha usiuzuie mkono utakaokuja kukujibu.