Nenda Dukani na Masikio, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, najua mawazo yako yalipo. Dengu zimeuzwa, au duara la machimbo kule Mwakitolyo limetema na mgao wako umeupata, na sasa unataka TV mpya na sabufa ya kuendana nayo. Sikukatazi. Nyumba yenye watu inastahili habari, mpira na muziki. Ninachokuomba ni kimoja tu: usinunue kwa kifua, nunua kwa masikio.

Nimewaona wengi hapa Didia. Kijana anarudi kutoka machimboni usiku, asubuhi yuko Kahama, jioni gari linashusha boksi la inchi 65 na sabufa inayomfika kiunoni. Siku hiyo nzengo nzima, yaani majirani wote, inajua kuwa fulani kapata. Mwezi wa pili umeme wa LUKU unaisha kabla ya wakati. Mwezi wa tatu mawe hayana kitu, mtoto anaumwa, na baba anabisha hodi kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali. Anaweka nini dhamana? TV. Inatoka mlangoni na nailoni yake ya kiwandani ingali pembeni ya kioo, kwa bei ambayo nikiitaja utalia.

Pesa ya shimoni haijui kesho mpaka uifundishe. Lipa ada, nunua mbegu, ezeka bati, weka ya ugonjwa. Inayobaki ndiyo ya TV. Na usikope kwa ajili ya TV. Nasema tena, mwanangu, usikope kwa ajili ya TV.

Sasa tuje kwenye boksi, maana boksi husema kwa mdomo wa muuzaji. Utakuta limeandikwa wati 10,000 kwa maandishi mekundu, na pembeni herufi nne ndogo: PMPO. Hiyo ni namba ya matangazo. Wanahesabu mshtuko wa kitambo kisichofika hata kupepesa jicho, na kila kiwanda kinahesabu kinavyopenda. Namba ya kuaminika huitwa RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuendelea kuitoa.

Kama RMS haipo, geuza sabufa yenyewe. Nyuma, karibu na pale waya wa umeme unapoingia, kuna kibandiko kidogo: AC 220-240V, 50Hz, kisha wati. Piga magoti ukisome, usione haya. Ukikuta 60W, huo ndio umeme inaouvuta ukutani. Haiwezi kuvuta 60 ikaimba 10,000. Tena sehemu ya hizo 60 inapotea kwa kuwa joto, kwa hiyo kinachofika kwenye spika ni pungufu. Usihuzunike. Kwa sebule zetu, wati 30 au 40 za kweli zinatosha na kubaki.

Nataka uelewe jambo hili kuliko mengine yote. Sisi tulikulia kwenye redio za betri zenye spika moja. Radio Tanzania Dar es Salaam ikileta Mazungumzo Baada ya Habari, watu waliokaa uani walisikia neno kwa neno, na tangazo la msiba halikumpita mtu. Hapakuwa na besi ya kutikisa ukuta. Maneno ya mwanadamu yanaeleweka katika sauti za katikati, kati ya mitetemo 300 na 3,400 kwa sekunde. Simu za waya zilitengenezwa kubeba kiasi hicho tu na watu walielewana. Lile pipa la besi linafanya kazi chini kabisa, chini ya mitetemo 200. Halisemi neno hata moja. Kifua kikishiba, sikio hulala njaa.

Ni kweli TV flati za siku hizi ni nyembamba mno, na spika zake ndogo zimefichwa chini au nyuma zikitazama ukuta, kwa hiyo maneno yanakufikia yamefifia. Una haki ya kutafuta spika za nje. Lakini zinazosema maneno ni zile mbili ndogo za pembeni, na kwenye sabufa nyingi za bei rahisi hizo ndizo zilizotengenezwa ovyo. Zinyanyue mkononi. Ukiona ni plastiki tupu isiyo na uzito, rudisha. Kuna pia ile spika ndefu ya kukaa chini ya TV, wanaiita saundiba. Iliyo nzuri husema maneno vizuri na haili nafasi.

Ukiwa dukani watakuwekea bongofleva kwa sauti ya juu mpaka vioo vya kabati vilie. Kataa. Mwambie muuzaji, kwa heshima, aweke taarifa ya habari. Shusha besi mpaka mwisho, shusha sauti iwe ya kawaida, kisha tazama barabarani, usitazame kioo. Sikiliza majina ya watu na namba. Ukijikuta unauliza “kasemaje?”, hiyo siyo yako. Halafu aweke mpira, usikie kama mtangazaji anamezwa na kelele za mashabiki. Muziki uje mwisho, na uwe wimbo unaoujua tangu utoto. Muuzaji akikasirika, ondoka. Kahama ina maduka mengi. Ukilipa, chukua risiti na karatasi ya garantii iliyogongwa muhuri.

Kabla hata ya safari, pima sebule. Nyingi za kwetu ni futi 10 kwa 12. Ukitoa kochi na meza ya TV, kati ya macho yako na kioo zinabaki mita mbili hivi. Inchi hupimwa pembe hadi pembe, kwa hiyo 43 ni sentimita 109 za mshazari, na kwa chumba hicho zinatosha kabisa. Chumba kidogo zaidi, 32. Hiyo 65 iache kwenye mabanda ya mpira. Tena TV msiitundike juu karibu na kenchi kama mnavyopenda. Katikati ya kioo iwe sawa na macho ya mtu aliyekaa, la sivyo mama yako atakuja kulalamika shingo na hutajua ilikoanzia.

Nyumba yenye bati bila dari na sakafu ya saruji tupu inarusha sauti huku na huku kama mbuzi aliyefungiwa. Kabla ya kuongeza spika, ongeza pazia zito, mkeka, makochi ya kitambaa. Spika mbili zikae kila upande wa TV, usawa wa masikio. Sabufa usiisukumie kwenye kona, kwani kona huikuza besi. Na mvua ikipiga bati, zima. Hakuna sauti itakayoishinda mvua ya masika, utaunguza spika bure.

Matundu nayo yanawaliza watu. TV nyingi mpya hazina tena matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Zina HDMI iliyoandikwa ARC, au tundu la optiko, au lile dogo la hedifoni. Sabufa nayo mara nyingi inapokea nyekundu na nyeupe tu. Ukinunua bila kuangalia, utafika Didia jioni na vitu viwili visivyojuana. Kama sabufa unayo tayari, ipige picha mgongoni uende nayo dukani. Bluetooth isikudanganye, mara nyingi midomo inafunga ndipo neno linafika.

Tazama pia kama TV imeandikwa DVB-T2. Wakati mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012, na kuzimwa huko kukaja mikoani, wenye TV za chogo walilazimika kutafuta ving'amuzi. TV yenye T2 ndani inapokea kidijitali kwa antena yenyewe, pale mawimbi yanapofika.

Halafu umeme, mwanangu. TV ya wati 100 na sabufa ya wati 60, zikiwaka saa sita kila siku, zinakula karibu uniti 29 kwa mwezi. Katika bei za mwaka 2016, mtumiaji mdogo alilipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75, na zinazozidi hapo shilingi 350 kila moja, kabla ya tozo. Kelele ya mchana inaweza kukuvusha mstari huo usiku ukiwa umelala.

Nunua kilinda TV, kile kidude cha kwenye soketi kinachosubiri umeme utulie ukirudi. Mawingu ya radi yakikusanyika, usikitegemee. Chomoa waya ukutani, na uchomoe waya wa antena pia. Wengi huchomoa mmoja na kuuacha wa pili, na radi ya kwetu huingia kwa mlango ulioachwa wazi.

Majirani usiwasahau. Zipo kanuni za serikali za kelele, za mwaka 2015, lakini mimi sikutishi na kanuni. Nzengo ikiwa na msiba, zima. Usiku wazee wakilala, shusha.

Lililobaki ndilo linaloniuma zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 sikio linaivumilia saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa nne tu, kwa wiki nzima. Wewe mwenzangu umeshinda miezi kwenye karasha na mashine za kutoboa mwamba, bila kuziba masikio. Sauti nyembamba zimeanza kukukimbia bila wewe kujua, ndiyo maana kila jioni unaongeza. Kwako inasikika ya kawaida. Kwa mtoto aliyekaa kwenye mkeka, hatua moja kutoka kwenye spika, ni nyundo.

Msogeze huyo mtoto nyuma, tafadhali. Rimoti mpe mama yake, aamue yeye sauti iishie wapi. Na kama ni wewe peke yako nyumbani unayeomba iongezwe, usimbishie. Nenda hospitali ukapimwe masikio kabla hujarudi shimoni.