Udzungwa Inataka Miguu Yako

Wengi wetu tumejengewa imani kwamba hifadhi ya taifa ni ya wenye Land Cruiser la kufunguka paa. Basi nenda Udzungwa. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 1,990, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara ya gari ndani yake. Tajiri atashuka, mwanafunzi atashuka, na wote watatembea.

Wala kufika si kazi. Ukiwa Mikumi unaiacha barabara ya Iringa, unashika ya Ifakara, unapita Kidatu na mashamba ya miwa mpaka Mang'ula. Hapo lipa kiingilio, chukua mwongozaji, upande kwenda maporomoko ya Sanje.

Utapanda kweli! Njia ni mizizi na majani mabichi yanayoteleza, na unyevu wake utakulowesha shati kabla hujaanza kuhema. Usikate tamaa. Simama, nyamaza, tazama juu: matawi yanatikisika, na mbega mwekundu wa Udzungwa mwenye kishungi utosini anakuchungulia. Huyo hapatikani popote duniani ila katika milima hii na misitu ya bonde la Kilombero chini yake. Ukibahatika utamwona na ngolaga, nyani wa Sanje. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, lakini wenyeji walikwisha kumpa jina zamani. Na isanje mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo wa pua ndefu isiyotulia, alitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2008 tu. Fikiria: msitu ambao mvua za Bahari ya Hindi zimeulea kwa mamilioni ya miaka, na bado haujamaliza kujitambulisha!

Ukifika juu utakuta maji yakianguka kiasi cha mita 170, ngazi kwa ngazi. Jimwagie uso. Maji ya milima hii hii ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Kihansi, kwa hiyo msitu huu umekuhudumia miaka yote bila wewe kuupigia hodi.

Usiseme huna mwili wa mazoezi. Zipo njia fupi, hata za wazee na watoto. Shika msimu wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati njia zimekauka. Kusanya wenzako, vaeni viatu vyenye meno, bebeni maji, spika za muziki ziacheni nyumbani. Nenda mwaka huu, ungali na pumzi.