Deki ya Sahani na Adabu ya Hodi

Mtu wa pwani hafiki mlangoni kwa mwenziwe akaingia bila ya kupiga hodi. Hata akiwa ni ndugu, hata mlango ukiwa wazi, husimama nje, akatoa salamu, akangoja kukaribishwa. Adabu hii si mila tupu. Asili yake ni amri ya Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nur, aya ya 27, iliyowakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka watake idhini na wawasalimu wenyewe. Basi la kuuliza ni hili: mwenye kuichunga hodi mlangoni, je, huichunga pia mbele ya deki yake?

Watu wakizungumza juu ya deki, jambo la kwanza kugombaniwa ni nyimbo. Katika nyimbo wanavyuoni wamekhitilafiana tangu zamani. Imamu Ghazali katika Ihya ameona yafaa kusikiliza kwa masharti aliyoyataja. Ibn Hajar al-Haytami, naye ni Mshafii kama yeye, ameandika kitabu kizima cha kukanya pumbao na ala. Mwenye kutaka hukumu ya hilo na amwendee mwanachuoni wake. Lakini liko jambo lisilo na khitilafu, nalo ndilo lisahauliwalo: picha za watu wasiotoa ruhusa ya kutazamwa.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa katika santuri. Sahani za zama zile zilichukua dakika tatu hivi kila upande, na zilichukua sauti tu. Tena mwimbaji alikwenda kwa ridhaa yake, akijua kwamba atasikilizwa na watu asiowajua. Kisha ikaja sidii mwaka 1982, na dividii mwaka 1996, sahani ya upana wa sentimita 12, isomwayo kwa mwanga mwembamba upitao juu ya vishimo visivyoonekana kwa macho. Dividii hutoa sauti na sura pamoja kwa muda wa saa mbili na zaidi. Deki hizi zilipoenea majumbani katika miaka ya 2000, ziliingia pamoja na sahani za harusi.

Na harusi ya wanawake ina mlango wake. Humo huvua mabuibui, wakaonyesha mapambo yao na kucheza mbele ya wenzao, kwa kuwa wana yakini kwamba hapana mwanamume. Ridhaa yao ni kwa waliomo ukumbini, haimpiti mwengine. Kamera ikiingia, hata ikishikwa na mwanamke, yote hayo hutiwa katika sahani, na sahani haina bawabu. Huchukuliwa kuonyeshwa shangazi, kisha huazimwa, kisha hunakiliwa, na nakala ya mia ni safi kama ya kwanza.

Mwisho huangukia mkononi mwa mwanamume aliyeketi nyumbani na deki yake mpya. Mtu huyo, lau usiku ule angaliambiwa aingie ukumbini, angaliona haya hata kuukaribia mlango. Sasa kwa kidole kimoja ameingia. Humtazama mke wa jirani yake na binti wa mwalimu wake, akasimamisha picha, akairudisha nyuma. Alfajiri husimama safu moja na jirani yule yule, bega kwa bega, akampa mkono. Na jirani hajui kwamba nyumba yake imeingiwa.

Huenda akajitetea kwamba picha si mwili, na kwamba yeye hakutoka kwake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipochunguliwa katika tundu la mlango wake alighadhibika, akabainisha kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya macho. Aliyechungulia hakutia hata unyayo ndani. Huenda akasema kwamba jirani hajui, basi hakudhurika. Msengenywaji naye hajui, na kusengenya hakukuwa halali kwa kutojua kwake. Huenda akasema kwamba wenyewe wamekubali kupigwa picha. Kweli, wamekubali kukumbukwa na wenzao. Na aliyemfungulia mgeni mmoja mlango hakuufungulia mji mzima.

Lawama hii haikifikii chombo. Deki hiyo hiyo hutoa visomo vya Kurani na mawaidha, na humwonyesha bibi mzee wajukuu walio ng'ambo. Chombo hakina haya wala hakina ukhaini. Hayo ni ya mwenye nacho. Hivi leo deki zimepungua na mengi yamehamia katika simu, ambamo picha husafiri upesi kuliko sahani. Mlango umepanuka, na hukumu ni ile ile.

Basi sahani ya harusi ni amana. Mwenye kuipiga asimpe ila mwenyewe, wala asijiwekee nakala. Wanawake wa nyumba waihifadhi, waitazame wao kwa wao. Mwanamume aliyeletewa asiitie katika deki. Airudishe kwa wenyewe, na aliyemletea amnasihi kwa upole. Akiwa peke yake, mlango umefungwa na hapana amwonaye katika watu, hapo ndipo ijulikanapo hodi yake ilikuwa ni kwa kumwogopa jirani au ni kwa kumcha Mola wake.