Swaumu ya Nani?

Ndugu zangu katika imani, nina swali ambalo limenisumbua tangu Ramadhani iliyopita. Mtu akinuia kufunga kwa ajili ya Allah (S.W.T.), na maradhi yake nayo yanataka afunge, swaumu hiyo ni ya nani?

Nilikaa chumba kimoja, katika hosteli ya Kikoni, na dada ambaye sitamtaja jina. (Ameniruhusu kuandika.) Alianza na Jumatatu na Alhamisi. Akaongeza siku tatu za katikati ya mwezi, kisha akaingia katika funga ya Nabii Daudi (A.S.), leo anafunga, kesho anakula. Ila hiyo kesho nayo hakula. Magharibi alifuturu kwa tende moja na maji, akasema ameshiba. Sisi tukamsifu. Mimi hasa, nilimtolea mfano kwenye darsa la akina dada, naye amekaa pale pale anasikia. Baadaye aliniambia kuwa tangu siku ile hata tende aliiacha, akabaki na maji. Hilo bado linaniuma.

Alipoanguka bafuni ndipo tukampeleka hospitali. Daktari alimtuma kwa mshauri wa lishe, nami nikawa namsindikiza. Nilidhani ataambiwa tu ale sana. Kumbe mwili uliokaa na njaa muda mrefu haujazwi ghafla: madini ya damu, hasa fosfeti, yanaweza kushuka hadi moyo ukapata shida. Chakula kiliongezwa kidogo kidogo huku damu ikipimwa. Kisha ukaja utaratibu: milo mitatu na vitafunio kati yake, asipitishe saa nne bila kula, wala asisubiri njaa imwite, maana mwili ulionyimwa sana huacha kutoa ishara zake sawasawa. Wala pasiwe na chakula cha kuogopwa. Siku aliyopangiwa kikomando alizikodolea macho zile chapati na maharage kama karatasi ya mtihani.

Na asifunge kwanza. Tulipotoka nje akaniambia, "Huyu anataka nimuasi Mola wangu."

Hukumu yenyewe si ngumu. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, inampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Sheikh tuliyemwendea alisema hivyo hivyo, kwa upole: kula, utalipa ukipona. Kigumu kilikuwa nia. Huyu dada hakuwa mnafiki, aliamka kwa daku, alisali, alilia katika dua. Lakini usiku mmoja akaniambia, "Adhana ya Magharibi ilikuwa inanitia huzuni." Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mfungaji ana furaha mbili, moja anapofuturu na nyingine atakapokutana na Mola wake. Kwake ile ya kwanza ilikuwa imegeuka hofu. Mimi si mwanachuoni na sidai kuwa hiki ni kipimo cha fikihi. Naona tu kinatosha kumfanya mtu asimame, ajiulize anamtii nani.

Kaka mmoja alinijibu kuwa huo ni udhaifu wa imani, apambane na nafsi yake. Nikamsimulia utafiti wa Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wakawa hawana mawazo mengine ila chakula, wakasoma vitabu vya mapishi, wakajitenga na wenzao. Njaa yenyewe ndiyo iliyowabadilisha akili. Na kama ni mapambano ya nafsi, nani kasema daima ni kuacha kula? Salman alimfungulisha Abu Dardaa funga yake ya Sunna akamkumbusha haki za nafsi yake na za mkewe, na Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli.

Najua wapo watakaojificha nyuma ya ruhusa hii kwa uvivu. Hesabu yao haiko kwetu.

Ramadhani ilipoingia, mshauri alitaka awepo mtu wa kukaa naye wakati wa kula. Nikakaa mimi, nimefunga, saa saba mchana, pazia limeshushwa, kijiko chake kinagonga bakuli. Siku za mwanzo alikula uji huku machozi yakimtoka. Wenzetu walidhani yuko katika siku zake, wakanyamaza. Baada ya siku ya kumi maswali yakaanza, tena mlangoni, kwa sauti. Nilijibu kuwa ni mgonjwa. "Mbona anatembea?" wakasema.

Siku ya ishirini na tatu alimaliza bakuli, akaniuliza kama uji umebaki.