Vijumba Vinavyoachwa Vioze



Novemba ni mwezi wa marehemu wetu, nami nina makaburi ambayo hayajanitoka akilini. Yako Eklutna, Alaska, kijiji cha wenyeji wa asili waitwao Wadena'ina, kama kilomita 40 kutoka Anchorage. Nilipelekwa na padre wa kwetu anayefanya utume huko.

Ukifika unaona kanisa dogo la magogo, la Mtakatifu Nikolai, na karibu yake makumi ya vijumba vya mbao vyenye rangi kali. Kila kijumba kimefunika kaburi. Cha mtoto ni kidogo zaidi. Zamani Wadena'ina walichoma miili ya wafu wao. Wamisionari wa Kiorthodoksi kutoka Urusi walipowaletea Injili, wakaanza kuzika, ila hawakutupa kila kilicho chao. Kaburi hutandikwa blanketi, na siku 40 zikitimia hujengwa kijumba cha roho, chenye rangi za familia. Arobaini kabisa, kama kwetu!

Kilichonishtua ni vijumba vya zamani. Vimeinama, rangi imebanduka, mbao zinaoza. Nikauliza, "Mbona ndugu hawavikarabati?" Padre akasema ndiyo desturi yenyewe: kikishajengwa, kinaachwa kirudi udongoni.

Kusema kweli nilichukia kidogo. Huo si uzembe? Kuzika wafu ni tendo la huruma, iweje kaburi liachwe hivyo?

Halafu nikamkumbuka babu. Ukoo mzima tulichanga tulijengee kaburi lake marumaru. Baba zangu wadogo waligombana wiki nzima kuhusu rangi ya vigae. Nami nilitoa changu, tena kwa majivuno. Masika yale yale, bibi, ambaye yu hai, alikuwa anakinga beseni chini ya bati linalovuja. Hakuna aliyeitisha mchango. Hata mimi sikuitisha.

Darasani tulisoma Aristotle akijiuliza kama yanayowapata walio hai huwagusa waliokufa. Siku hizi swali langu ni jingine: yale tunayowafanyia wafu, tunamfanyia nani? Marumaru yale hayakumwongezea babu kitu. Yalitutuliza sisi, tusikumbuke kwamba alipougua tulimtembelea kwa nadra.

Sisemi kaburi la saruji ni dhambi. Wala sisemi roho inahitaji kijumba. Sisi tunaamini iko mikononi mwa Mungu. Lakini wale watu wanajenga kwa upendo, kisha wanakubali kuachia. Mimi nilitaka vigae vishikilie kile ambacho ni Mungu tu anaweza kukishika. Kila Jumatano ya Majivu napakwa majivu kwenye paji la uso, kumbe sijawahi kuyakubali.

Likizo hii nitapitia makaburini, nimwombee babu, basi. Kisha nitapanda juu ya paa la bibi. Bati nne nimeshanunua.

Na wewe, kwenu ni nani anayesubiri afe ndipo achangiwe?