Hukumu ya Insulini Iitwayo ya Binadamu

Mwislamu akaaye Kwa Sadala, wilaya ya Hai, katika njia ya Moshi na Arusha, akiambiwa na tabibu ya kuwa mwanawe ana kisukari cha wale ambao miili yao haifanyi insulini, hana budi kukata shauri upesi. Kwani mtoto huyo asipodungwa dawa hiyo kila siku hufa, wala hakuna mizizi wala kombe la kushika mahali pake. Walakini wako wasitao. Mmoja husikia barazani kwamba dawa hiyo hutolewa katika nguruwe. Mwengine husoma juu ya chupa kwamba ni insulini ya binadamu, akasema: hili ni zito kuliko la kwanza, kwani mwana wa Adamu ametukuzwa, hauzwi, wala kiungo chake hakifanywi bidhaa. Wasiwasi huu si wa kuchekwa. Mwenye kuuliza halali ya kitu kabla ya kukitia mwilini amefanya lililompasa; kosa ni kuuliza barazani na kuridhika na jibu la papo hapo.

Habari ya nguruwe ina asili ya kweli. Tangu mwaka 1922, alipodungwa mgonjwa wa kwanza mjini Toronto, kwa muda wa miaka 60 insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Insulini ni nyuzi mbili za protini zilizofungamana, zenye pete 51 kwa jumla. Ya nguruwe yahitilafiana na ya mtu kwa pete moja tu, na ya ng'ombe kwa tatu. Maulamaa wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, hawakubali kwamba najisi hutahirika kwa kugeuka ila katika mambo machache, kama ulevi ugeukao siki wenyewe; basi kwao dawa ile ya nguruwe haikuwa na mlango ila ule wa dharura, nao ulikuwa wazi kwa asiyepata nyengine.

Mlango mwengine ulifunguliwa mwaka 1978 katika California. Wataalamu wa huko waliunda kwa kemikali, kipande kwa kipande, jeni ya insulini, yaani agizo ambalo mwili hulisoma ndipo ukaifanya. Wakalitia ndani ya bakteria, nao wakafanya insulini kama wafanyavyo protini zao wenyewe. Mwaka 1982 dawa hiyo iliruhusiwa kuuzwa Marekani. Leo hutengenezwa kwa bakteria au kwa hamira, katika mapipa makubwa, na ile ya nguruwe imekuwa adimu.

Basi neno hilo, ya binadamu, lina maana gani juu ya chupa? Ikiwa kitu hupewa jina kwa sura yake, insulini ya nguruwe ilikuwa ya mtu isipokuwa pete moja katika 51, na hesabu hiyo haimtulizi mcha Mungu. Na ikiwa hupewa jina kwa asili yake, basi hii ya pipani si ya mtu hata kidogo. Hapana aliyekatwa kiungo ili ipatikane. Aliyeikataa ya nguruwe kwa ajili ya asili hawezi kuikataa hii kwa ajili ya sura. Na ashike mzani mmoja. Kilichonakiliwa ni maandiko, na mwenye kunakili barua hachukui mkono wa aliyeiandika. Hukumu hii yafaa pia kwa protini nyingine za namna hiyo zifanywazo kwa ajili ya maabara, ambazo kwazo wataalamu huchungua jinsi maradhi yatendavyo.

Tena uko mfano ulio wazi zaidi. Homoni ya kuwakuza watoto wasiokua zamani ilitolewa katika tezi iliyo chini ya ubongo wa maiti. Huko ndiko mwili wa mwana wa Adamu ulikoguswa kweli, na baadhi ya waliodungwa wakapata maradhi ya ubongo yenye kuua. Mwaka 1985 Marekani ilisimamisha ugawaji wake, na mwaka ule ule ikaruhusu ile itengenezwayo kwa bakteria. Sanaa hii, ambayo wengine huiona yavunja heshima ya mwanadamu, hapa iliwaondolea maiti kisu.

Ama lisilosemwa barazani ni bei. Waliovumbua insulini waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923, kwa dola 1 kila mmoja. Na tangu mwaka 1977 imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo yuko akosaye pesa za kuinunua. Na chupa isiyofunguliwa yataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, hali nyumba isiyo na umeme haina ila mtungi wa udongo wenye maji. Baba yule wa Kwa Sadala, akiisha kuridhika kwamba dawa ni tahiri, amebakiwa na nauli ya kwenda hospitali ya KCMC mjini Moshi, na thamani ya chupa, na mahali pa kuiweka. Na katika hayo matatu mwanachuoni hana la kumjibu, bali jirani mwenye jokofu analo.